Homa ya Kuondoka

Gari langu likisimama, limetulia kama mkwe ukweni. Likishakolea mwendo, halina neno. Ila kuondoka tu, linatetemeka utadhani limemwona trafiki.

Fundi wa kwanza, pale Ilala, hakufungua hata boneti. "Bosi, hizo plagi." Tukabadilisha. Wa pili akasikiliza huku amefumba jicho moja: "Nozeli, mzee." Tukasafisha. Wa tatu, ambaye shemeji yake anauza spea, akagundua kwamba gia boksi nzima imekufa. Mabingwa kweli, ugonjwa hufuata kilichopo dukani.

Mwisho dereva mmoja wa daladala, kwa malipo ya kahawa na kashata, akafungua boneti, akavuta hendibreki, akatia gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo kidogo. Injini ikaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Raba za maunting zilikuwa zimekatika. Injini ingetulia, alisema, tungeitazama diski ya klachi: ama imelika, ama imelowa oili.

Plagi zangu nne za zamani, nzima kabisa, ziko kwa yule fundi wa kwanza. Anaziuza.