Baiskeli ya Kwenda Nayo Sokoni

Miongoni mwa wapenzi wa baiskeli kuukuu huko Uingereza umestawi ustadi wa kuichukua Raleigh ya kale, ile ya Nottingham yenye magurudumu ya inchi 28 na breki za fito, yaani breki zinazovutwa kwa vijiti vya chuma badala ya waya, na kuifanya ifae kwa matumizi ya kila siku, kana kwamba iliundwa kwa ajili ya mapambo. Kwanza hung'olewa rimu za chuma, ambazo zikilowa mvua huigeuza breki kuwa ushauri tu. Kisha hufungwa rimu za alumini, na kwa kuwa breki za fito hubana rimu kwa upande wa ndani, ambao rimu mpya hazikuumbiwa kubanwa, breki zenyewe nazo hutupwa, katika kazi ambayo mwenyewe huendelea kuiita ukarabati. Hufuata dainamo, kijimashine kinachozungushwa na tairi ili kiwashe taa, na mwisho karia ya mizigo, ambayo fundi yeyote wa Busia angeichomelea kwa nondo na kuijaribu kwa gunia la mahindi, lakini Uingereza huagizwa kutoka ng'ambo na kujaribiwa kwa kupigwa picha. Baiskeli ikikamilika huwa na thamani kubwa mno kuachwa nje ya duka, hivyo hufungiwa sebuleni kwa minyororo miwili, na mwenyewe huenda sokoni kwa miguu.