Heko, Kigugumizi cha Tabo

Kila kitu ndani ya shangingi kimefundishwa utii. Kioo kinashuka kwa kidole, kiti kinasogea kwa kidole, kiyoyozi kinapuliza kabla hujamaliza kulalamikia joto. Dereva naye husema "sawa bosi" kabla bosi hajafika kwenye kitenzi. Katika msafara huo wa watiifu kuna kimoja tu chenye msimamo, nacho ni tabo. Ukikanyaga mafuta, yenyewe inakaa kimya kwanza. Inatafakari. Sekunde moja, pengine mbili, ndipo inapoamka na kukubandika mgongo kwenye kiti kana kwamba wazo la kwenda lilikuwa lake. Watu wanaiita kasoro. Ni utovu wa adabu kuita hivyo hekima kubwa kama hii.

Tuitendee haki. Tabo haina bajeti yake. Inaishi kwa moshi. Moshi unaokimbilia kwenye eksozi unazungusha pangaboi moja, na pangaboi la pili, lililo kwenye shafti hiyohiyo, linashindilia hewa ndani ya injini. Hewa zaidi, mafuta zaidi, nguvu zaidi. Lakini injini ikiwa inajikongoja kwa mizunguko 1,200 kwa dakika, huo moshi uko wapi? Kifaa kinachodaiwa mizunguko zaidi ya 100,000 kwa dakika kinaomba muda wa kujikusanya, nasi tunakipigia kelele. Alfred Büchi, Mswisi aliyeomba hataza ya wazo hili mwaka 1905, alikuwa anavuna moshi uliokuwa ukipotea bure. Mali ya bure huwa haina haraka.

Sasa nenda mlima Kitonga. Semi lenye shehena ya Tunduma linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na nyuma yake lipo shangingi ambalo bosi wake ana kikao Mbeya. Kona ni kali, mstari wa katikati haujakatika, ila dereva ameona upenyo, akakandamiza. Gari kimya. Katika ukimya huo basi linachomoza kwenye kona likiwa na taa zote, na dereva anabaki alipo, nyuma ya semi, akinusa breki za watu wengine. Trafiki mwenye tochi hakuwepo. Tabo ilikuwepo.

Wapo watakaopinga kwamba kigugumizi hichohicho humwacha mtu uchi upande wa pili wa barabara, ameshatoka na nguvu haijafika. Ni kweli kabisa, na hapo hakuna utani. Lakini huyo aliingia bila kubisha. Tabo inataka hodi. Dereva mzoefu anapiga hodi akiwa bado nyuma ya lori: anashusha gia, anaacha mshale wa mizunguko upande kupita 2,000, anasikiliza ile filimbi nyembamba chini ya boneti, anahakikisha njia ni nyeupe, ndipo anawasha indiketa. Anayesubiri mpaka atoke ndipo akanyage, akaribishwe na nani?

Hata wakubwa walilazimika kupiga hodi. Renault ilipoingiza tabo kwenye Formula 1, Silverstone 1977, gari lilifuka kiasi cha kubatizwa birika la njano, na dereva wake, Jean-Pierre Jabouille, ilimbidi akanyage mafuta akiwa bado ndani ya kona ili nguvu imkute kwenye mstari mnyoofu. Mwaka 1979 alishinda mbio za Ufaransa. Tangu hapo wahandisi wamekuwa wakiitafutia tabo dawa: mbili mahali pa moja, mabawa yanayobadili pembe, na mwaka 2016 Audi SQ7 ikaja na pangaboi linalozungushwa kwa umeme, lisilongoja moshi. Hongera zao. Wametuongezea "sawa bosi" mwingine.

Ila tusisifie kila mvivu. Fundi akipitisha kitambaa kwenye mpira wa intakula kikatoka cheusi kwa oili, na chini yake akakuta klipu imelegea na ufa wa urefu wa kucha unaopumua kila ukikanyaga, hiyo si tafakuri, ni kidonda. Masizi yakikamata mabawa, au chujio la hewa likijaa vumbi la barabara, hali ni hiyohiyo. Kigugumizi halali kina kipimo. Jana na leo ni kilekile.

Na adabu yake haiishii njiani. Baada ya mlima mrefu tabo inakuwa imeiva, na ukizima injini ghafla oili inasimama na kuungulia ndani yake. Basi mgeni rasmi atashuka, skauti watamvisha skafu, ngoma zitalia, na dereva hatabanduka kwenye usukani, injini ikinguruma polepole. Afisa itifaki akigonga kioo kumtaka azime, maana hotuba inaanza, anajibiwa bila hata kugeukiwa: "Ngoja kwanza, tabo ipoe."