Dereva wa Kutoka Kyela

Mwaka ule kakao ilitulipa vizuri, Baba Watoto akanunua kompyuta ya mezani ya mtumba. Ilikuwa nzima, ila haikuwa na waifai. Akaongeza kidude cha kuchomeka kwenye USB, kidogo kama kucha ya dole gumba, kilichokuja na CD yake ya upana wa kiganja. CD nikaitia kabatini. Kompyuta ikakaa imefunikwa kitambaa mpaka binti yetu alipomaliza kidato cha sita na dirisha la Bodi ya Mikopo likafunguliwa.

Tukachomeka kidude. Windows ikaonyesha “802.11n NIC” na alama ya mshangao ya njano.

“Haina draiva,” akasema binti.

Nikaenda kabatini. CD haipo. Nikauliza nyumba nzima, mwisho mama mkwe, aliyekuwa barazani anapepeta mchele.

“Ile inayong’aa? Iko shambani.”

Mpunga ulikuwa unakomaa, na ndege wa huku kwetu hawana haya. Mama ameitundika CD kwa uzi kwenye mti katikati ya jaruba, inazunguka na kumeta, ndege wote wamehamia kwa jirani. Kumlaumu sikuweza. Tulipoiteremsha ilikuwa imechubuka kama goti la mtoto, kompyuta ikaitema.

Baba Watoto akasema draiva zimejaa intaneti, atazivuta kwa simu. Hapa Katumba Songwe mto ndio mpaka. Simu ikikaa vibaya inanasa mnara wa Malawi na kutukaribisha ugenini tukiwa sebuleni kwetu. Akasimama chini ya mwembe hadi mtandao ukatulia, akatafuta kwa picha ya boksi, akahamishia kompyuta, akawasha upya. Mshangao wa njano uko palepale. Akarudia na nyingine. Bando likakata.

Ndipo akampigia fundi, kwa sauti ile ya watu wanaoamini Kyela mjini kunasikika bila simu: “Njoo na draiva kamili, leo leo!”

Mama akasikia dereva. Akatuma mtoto kununua mbasa.

Fundi akafika kwa bodaboda, flashi mfukoni. Boksi hakuligusa. Alifungua sifa za kifaa, akasoma VID_0BDA na PID_8179. “0BDA ni ukoo,” akasema, “hawa ni Realtek. 8179 ndiyo mtoto mwenyewe, RTL8188EU. Boksi zinafanana, lakini ndani chipu siyo moja. Wewe, mzee, umeleta draiva ya binamu yake.” Baba Watoto akajifanya anafunga dirisha.

Kumbe hata flashi ya fundi ilikuwa na draiva ya Windows ya biti 64, na yetu ni Windows 7 ya biti 32, ile ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Akakuna kichwa kidogo, akatazama meza. Waya wa kuchajia simu ulikuwa hapo, umelala kando ya kompyuta tangu asubuhi. Akaweka bando, akaunganisha simu na kompyuta kwa waya huo, akaingia kwenye mipangilio ya simu na kuruhusu intaneti ipite kwenye USB. Kompyuta ikapata mtandao, bila kidude, bila CD, bila mwembe.

“Sasa ngoja nipakue,” akasema.

Mama akatokea jikoni, mwiko mkononi. “Mgeni hapakui. Nitapakua mimi.”

Akapakua kweli: wali wa Kyela, mbasa wa kuchemsha, kichwa akamwekea fundi. Kisha akachungulia barabarani. “Na dereva mbona haingii?” Hakuna aliyejibu. Yule kijana wa bodaboda akaitwa kutoka kivulini, akanawa, akakaa. “Ndaga fijo, bibi,” akasema, na huyo ndiye pekee siku hiyo aliyepata kila alichotarajia na zaidi.

Fomu ya mkopo ilijazwa kwa waya wa chaji wakati wanaume wanakula. Draiva ilikaa sawa jioni, na kidude kinafanya kazi hadi leo. CD imerudi shambani.