Ustaz na Karatasi ya Malengo

Mfyuuu! Semina nyingine hizi kazi yake ni kumtafutia mtu aibu. Mwalimu anaketishwa kutwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, ananyweshwa soda, halafu jioni anakabidhiwa karatasi aende nayo nyumbani akajaze malengo yake binafsi ya kuingiza teknolojia darasani. Nyumbani kwenyewe taa ni tochi ya simu.

Ustaz wetu alipofika nayo soko la Konyo Konyo, hapa Juba, Sudan Kusini, pale chini ya mwembe kwa mama chai, alikuwa ameshaandika lengo la kwanza kwa mwandiko wa kupendeza: kuonyesha video za sayansi kwa projekta kila wiki. Karatasi ikazunguka. Mnh. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumvunja moyo mtu mzima, mpaka kijana wa bodaboda akajitolea. "Ustaz, hiyo projekta utaichomeka wapi? Kwenye huu mwembe?"

Umeme upo Juba, sibishi. Mtambo ulizinduliwa mwishoni mwa 2019, na ukipita barabara kubwa usiku utaziona taa. Ila waya haujafika kila mtaa, na ulipofika, bei inamfanya mtu afikirie mara mbili kabla ya kuwasha friji. Shule ya Ustaz haina hata balbu. Halafu kuna joto. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 zikafungwa tena wiki mbili, na naibu waziri wa elimu, Martin Tako Moi, akasema hapa Juba wanafunzi wapatao 12 walikuwa wakianguka kila siku. Wanaanguka ndani ya madarasa ya bati! Humo ndani saa saba mchana simu yenyewe inakuandikia kwamba imepata moto kupita kiasi, kisha inajizima. Sasa projekta ifanye nini, ipepewe na wanafunzi?

La pili lilikuwa kila mwanafunzi kupata kishikwambi, "wafadhili wakipatikana". Hapo Mkenya wetu wa duka la vipuri alisonya mpaka mama chai akageuka. Kwao waliahidiwa laptopu tangu kampeni za 2013, kila mtoto wa darasa la kwanza na yake. Zabuni zikapelekana mahakamani, miaka ikakatika, na 2016 vilipoanza kufika vilikuwa vishikwambi. Shule nyingine vikatumika vizuri, Mkenya hakatai. Nyingine vikafungiwa kabatini, maana mwalimu mkuu anaogopa kikiibwa atalipa yeye. "Mpwa wangu," akasema, "alikiona chake siku ya mkaguzi."

La tatu, ukurasa wa Facebook wa darasa. Hili liliuawa na mama chai mwenyewe, ambaye binti yake huuza mitumba kwa simu. Januari 2025, baada ya video za mauaji ya ndugu zetu kule Wad Madani, Sudan, kusambaa na Juba kuchafuka, Mamlaka ya Mawasiliano iliziagiza kampuni za simu zifunge Facebook na TikTok, tena kwa muda uliotajwa kuwa hadi siku 90. Amri iliondolewa baada ya siku chache. Lakini biashara ya binti ilikuwa imelala siku zote hizo, na mama hajasahau. "Darasa lako nalo litalala?" akauliza.

Malengo yale yalikuwa suti ya kuazima: kwenye picha ya semina inapendeza, ukitembea nayo mtaani kila mtu anajua si yako. Ustaz aliyaandika ili yamfurahishe mwezeshaji. Wala simlaumu. Walimwekea ukutani picha za darasa la mfano, na darasa hilo wengine tunalijua, kwa sababu tulikulia kambi ya Kakuma, Kenya. Wakfu wa Vodafone na shirika la UNHCR walianzisha shule zao za mtandao kwenye kambi za wakimbizi tangu 2013: sanduku moja linafunguliwa, ndani mna vishikwambi 25, laptopu, projekta, spika na betri. Kitu kizuri, tusiwe wachawi. Lakini sanduku lile halikuja peke yake. Lilikuja na umeme wa jua, na laini ya intaneti iliyolipiwa na wengine, na mtu ambaye kazi yake ni kulilinda na kuwafundisha walimu kulitumia. Picha ya semina ilionyesha sanduku tu. Yule mtu walimkata.

Ustaz akajitetea kwamba UNESCO wana mwongozo kwa ajili ya walimu, toleo la tatu, la 2018, wenye stadi 18 za teknolojia zilizopangwa kwa ngazi tatu. Mzee mmoja asiyependa makelele akamuuliza darasani mwake mna watoto wangapi. Ustaz akasema hajui wa leo ni wangapi. Mwongozo ukaishia hapo.

Halafu lile ambalo kila mtu alikuwa nalo mdomoni. Februari 2024 bomba linalopeleka mafuta yetu Port Sudan lilipasuka huko Sudan, katikati ya vita vyao, na serikali inayoishi kwa mafuta ikabaki mikono mitupu. Watumishi wakakaa miezi na miezi bila kulipwa. Walimu wakaingia kwenye bodaboda, wakauza mkaa, wengine wakavuka kurudi Uganda. Na mshahara ukitoka, kwa jinsi pauni ilivyoporomoka, haununui gunia la unga. Mtu huyo ndiye anayeambiwa ajiwekee malengo binafsi. Simu ni yake, kaichakaza yeye. Bando ni lake. Chaji analipia kwa kijana wa kibanda cha sola. Wizara inaleta karatasi! Aka!

Nilidhani gumzo litaishia kwenye matusi ya kawaida, lakini yule mzee akatia neno, na tangu hapo karatasi ikaanza kuwa na maana.

Akasema teknolojia ilikwishaingia madarasa ya kusini zamani, kabla ya uhuru, nasi tumesahau kwa kuwa haikuwa na kioo. Miaka ya 2000, taasisi ya Kimarekani ya EDC, kwa fedha za USAID, iliendesha masomo ya redio kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la nne. Redio zenyewe ni za kuzungusha mkono au za jua. Kipindi kilichukua nusu saa. Sauti inatoka: watoto simameni, hesabuni, jibuni, kisha inanyamaza kidogo ili watoto wajibu, kisha inamwambia mwalimu aende ubaoni aandike hiki na hiki. Mwalimu asiyejua Kiingereza alikuwa anajifunza pamoja na wanafunzi wake, kwa heshima, bila mtu kumwita mjinga. Mzee alikuwa mmoja wao. Alituimbia wimbo wa kuhesabu huku kashika kikombe.

"Iliishaje?" kijana wa bodaboda akauliza.

"Mradi uliisha."

Mnh! Miradi yetu yote ina jibu hilo. Corona ilipofunga shule Machi 2020, mpaka zikafunguliwa zote Mei 2021, redio ndiyo ikakumbukwa tena, watu wakagawiwa redio za jua na masomo yakarushwa hewani. Shule zilipofunguliwa, redio zikarudi kutangaza mpira.

Ila mzee alikuwa na jambo, na ndilo ninalolishikilia mimi. Redio ile ilifaa kwa sababu ilimsaidia mwalimu kwanza. Mtoto hakuhitaji kifaa chochote, alihitaji mwalimu aliyejua atasema nini dakika ijayo. Sasa mtazameni Ustaz. Alisomea ualimu Khartoum, kwa Kiarabu. Uhuru ulipokuja 2011 Kiingereza ndicho kikawa lugha rasmi na lugha ya kufundishia, na yeye alikuwa keshaota mvi. Usanisinuru anaujua kwa Kiarabu hata ukimwamsha usiku wa manane. Kwa Kiingereza anajikwaa, na nyuma kuna vijana waliorudi kutoka kambi za Uganda, Kiingereza kimewakaa ulimini, wanacheka. Akichekwa anakimbilia Kiarabu cha Juba, ambacho wote wanakielewa ila mtihani haukielewi. Hili hakuliandika popote kwenye karatasi. Watu wazima hawaandiki aibu zao kwenye fomu za semina.

Kijana wa chaji, ambaye kutwa anasikiliza simu za watu, ndiye aliyelifungua. Akamwambia: "Ustaz, lengo liwe lako. Jioni unachukua somo moja la kesho, la sauti tu, halina uzito, halili bando kama video. Unalisikiliza. Unasema nalo. Halafu unajirekodi ukisema peke yako, unalinganisha." Wala halihitaji intaneti kila siku. Kuna programu ya Kiwix inayobeba Wikipedia kwenye memori kadi, mtu mmoja akiipakua wenzake wananakili. Masomo ya sauti nayo yanahama simu kwa simu, kama nyimbo tu.

Bodaboda akataka kipimo, kwa kuwa karatasi inadai kila lengo liwe na kipimo na tarehe. Ubishi mrefu. Mkenya alitaka alama za mtihani. Akaambiwa alama za watoto wenye njaa hazipimi simu ya mwalimu. Mwisho Ustaz mwenyewe akasema ataiweka simu mfukoni ikirekodi wakati anafundisha, na jioni atahesabu ni mara ngapi alikimbilia Kiarabu kwa kushindwa, si kwa kuwafafanulia watoto. Hiyo tofauti ya kushindwa na kufafanua, mnaona? Haikuwa kwenye semina. Mwalimu anayechanganya lugha ili mtoto aelewe ni fundi. Anayechanganya kwa sababu amekwama anahitaji msaada, na masikio yake mwenyewe yanaweza kumpa sehemu ya msaada huo bila mkaguzi kujua.

Bila mkaguzi kujua, nasisitiza. Nimeona malengo ya walimu yakigeuzwa fimbo: umeandika utafanya hiki, mbona hujafanya? Rekodi ya mtu anayejisahihisha ikiingia mikononi mwa bosi, kesho hakuna atakayejirekodi.

Lengo jipya la pili likawa la mzee: spika ndogo moja, sauti ya msomaji mmoja mzuri, watoto wasikilize na kujibu kama zamani, mara moja kwa wiki, asubuhi kabla bati halijawaka. Spika anayo mwenye saluni, ataazimisha Jumatano kwa kuwa wateja wake ni wa Ijumaa. La tatu ni la walimu wenzake: memori kadi izunguke chumba cha walimu ili anayehama au anayeacha kazi asiondoke na masomo yote. Na watu wanaacha, huo ndio ukweli wetu. Projekta, vishikwambi na Facebook vikapigwa mstari. Wa bodaboda aliomba akili unde iingizwe angalau mara moja, ionekane tunakwenda na wakati. Mama chai akamwambia aanze na akili aliyonayo.

Karatasi ilibaki na mistari miwili mitupu. Kijana wa chaji akaivuta, akasema mmoja ni wake, na akatamka kwa sauti ya mwezeshaji: kulipa deni la kuchajia simu la mwezi uliopita. Ustaz akauliza kama lina kipimo. Kijana akafungua daftari, akaonyesha kiasi, hadi pauni ya mwisho. Na tarehe? Kijana akataka Ijumaa. Ustaz akasema deni linafuata mshahara. Mshahara unafuata nini, akauliza Mkenya. Ukafuata ubishi wa bomba, wa Port Sudan na wa wizara, mama chai akakusanya vikombe, na kijana akaandika "Ijumaa" kwa kalamu yake mwenyewe, bila kutaja Ijumaa ipi.