Jinsi ya Kusoma Mekanika Bila Kuutua Mzigo Njiani

Sisi wa Tabora hatuna kisingizio cha kufeli mekanika ya mwaka wa kwanza. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walikwishatufanyia mazoezi yote: frasila mbili kwa kila mtu, zaidi ya kilomita 800 kutoka Bagamoyo hadi Tabora. Kilichobaki kwako ni karatasi na kalamu. Fuata haya.

Kwanza, sahau Kiswahili. Darasani, kazi ni kani mara umbali uliokwenda upande ule ule wa kani. Mpagazi anausukuma mzigo juu, lakini yeye anakwenda mbele. Basi kwenye tambarare mzigo haukufanyiwa kazi yoyote. Milima na mabonde nayo yanafutana. Kinachosalia ni tofauti ya mwinuko: Bagamoyo iko pwani, Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Frasila mbili ni kama kilo 32. Zidisha kwa 9.8, kisha kwa 1,200. Unapata jouli 376,320, yaani nishati ya ndizi mbivu moja. Jasho la miezi, ndizi moja! Usibishe, andika.

Pili, mgeuze mpagazi kuwa nukta. Mwondolee miguu, njaa na nyimbo. Kisha mweke kwenye sakafu isiyo na msuguano, ingawa bila msuguano asingetoka hata uani kwa mwenye nyumba: ardhi ndiyo inayousukuma unyayo mbele pale unapoisukuma nyuma. Hilo utaambiwa baadaye, ukishazoea kuteleza.

Tatu, ukipewa swali la pembe ya ndovu iliyoning'inizwa kwenye mti wa mita 3, mabegani mwa watu wawili, tazama kwanza imefungwa wapi. Ikiwa mita 1 kutoka kwa wa nyuma, huyo amebeba theluthi mbili ya uzito wa pembe. Wapagazi hawakuhitaji mlinganyo kulijua hilo, bega liliwaambia. Wewe chora mishale yote, hata kama bega lako halijawahi kubeba zaidi ya begi la kompyuta.

Nne, usiridhike na desa. Mhadhiri akikokotoa ubaoni, kila swali ni jepesi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Fumba daftari, lirudie swali mwenyewe. Hapo ndipo utakapojua kwa nini msimu wa sapu hauishiwi watu.

Mwisho, fanya jaribio. Likizo ikifika, shuka na sanduku lako kituo cha reli cha Tabora, mpe mchukuzi alibebe mpaka barabarani. Akidai ujira, mweleze kwa upole kwamba ardhi ni tambarare, kwa hiyo kazi yake ni sifuri. Jibu atakalokupa litakuwa na ukubwa na mwelekeo. Hiyo ndiyo vekta.