Kopo Limetuna, Mnasema Hewa Tu

Mtaani kwetu kila mtu ana maabara yake, nayo iko katikati ya uso. Chakula kikitiliwa shaka, kinanuswa. Pua ikisita, ulimi unaitwa kutoa ushahidi: "Hebu onja kidogo." Onja kidogo! Nani kawaambia sumu inapimwa kwa kumezwa?

Juzi mwenye duka kanipa kopo la maharage limetuna juu na chini. Nikamrudishia. "Bosi, hiyo hewa tu," akasema, na punguzo akaniahidi. Sawa, hewa. Kaijaza nani? Hapo akageukia mteja mwingine.

Mshukiwa ni Clostridium botulinum, bakteria wa udongoni asiyetaka oksijeni. Mfungie kwenye kopo, au kwenye chupa ya vitunguu saumu vilivyozamishwa kwenye mafuta na kusahauliwa kabatini, anastawi. Mbegu zake hazifi kwa maji ya kuchemka. Ndiyo maana viwanda vya makopo hupandisha joto hadi nyuzi 121. Tena sumu yake yaweza kukaa kwenye chakula bila harufu wala ladha mbaya, kwa hiyo pua ya shemeji yangu, pamoja na sifa zake zote, haina kazi.

Na msiniambie huu ni ugonjwa wa Wazungu na makopo yao. Mwaka 1980 jarida la kitabibu la BMJ liliandika habari za watu waliodhurika na sumu hii Kenya, baada ya kula kumbikumbi.

Kope zinalegea, macho yanaona viwili viwili, mdomo unakauka, ulimi unakuwa mzito, halafu misuli ya kupumua inagoma. Homa kwa kawaida hakuna. Majirani watasema kalewa, wengine karogwa. Nyie mkimbizeni hospitali. Dawa ya kuizuia sumu ipo, ila lazima iwahi.

Shangazi naye kaninunia, eti nimemnyang'anya kijiko cha asali aliyotaka kumlambisha kichanga. "Mbona wewe nilikulambisha na hujafa?" Shangazi, shikamoo, lakini asali nayo yaweza kubeba mbegu za bakteria huyo huyo; mtoto asubiri atimize mwaka.

Kopo lililovimba au linalovuja, tupa bila kulifungua. Mboga ulizofungia mwenyewe kwenye chupa, zichemshe dakika 10 kabla ya kula. Anayetaka kuonja, akaonjee kwake.