Kushuka Kwenye Ndege Bila Kumwaibisha Aliyekulea

Matairi yamegusa lami ya Dar es Salaam, ndege bado inakimbia, na huko nyuma mkanda mmoja umeshafunguka: tak! Unafuata wa pili, wa tatu, halafu ndege nzima inalia tak-tak-tak kama bisi kwenye sufuria. Mhudumu anaomba kwenye spika, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, watu wabaki wameketi hadi taa ya mkanda izimwe. Ombi lake linamezwa na milio ya simu. Bwana wa siti ya 9C anatangaza kwa sauti ya dalali: "Nishatua! Nasema nishatua! We uko wapi?" Mkewe yuko nje ya mlango wa wanaowasili, alipokuwa tangu saa nzima iliyopita, wala hana mpango wa kuondoka.

Mwongozo huu ni wa bwana huyo na wenzake, na ni wengi. Nitawacheka, maana vituko vyao vinachekesha kweli, lakini ushauri wenyewe sitanii hata kidogo. Nimeuandika kwa sababu naumia kila ninapoona watu waliosafiri kwa amani saa nzima, wakigawana vibanzi na kushikiana watoto, wanageuziana viwiko mara ndege inapogusa ardhi.

Tuanze na kuketi. Ndege iliyotua haijafika. Inatoka kwenye njia ya kurukia, inapita njia za pembeni, inapisha nyingine, inasubiri kuelekezwa pa kuegesha, na rubani anaweza kukanyaga breki wakati wowote kwa sababu ya gari la mizigo lililokatiza mbele. Aliyesimama wakati huo hujikuta amemkalia mapajani mama asiyemfahamu, na begi lake limemkalia mtu mwingine. Uturuki wamechoka na mambo haya. Mwaka 2025 mamlaka yao ya usafiri wa anga iliyataka mashirika ya ndege yawatangazie abiria kwamba anayesimama mapema, kufungua kabati la juu au kujaa kwenye korido kabla ya wakati anaweza kuripotiwa na kutozwa faini. Agizo hilo lilitaja hata kuheshimu zamu ya waliokaa mbele yako. Mambo ambayo bibi zetu walitufundisha kwa kutukata jicho, wenzetu imebidi wayaandikie sheria. Mimi naliunga mkono agizo hilo kwa moyo wote.

Taa imezimwa? Hongera, sasa unaweza kufungua mkanda. Lakini angalia kwanza umekaa wapi. Aliye dirishani hana pa kusimama: juu ya kichwa chake kuna kabati, mbele yake kuna siti, pembeni yake kuna watu wawili. Hata hivyo atasimama. Utamwona magoti yamekunjika, shingo imelala begani, shavu limegusa plastiki ya kabati, amekumbatia mkoba kifuani, na macho yake hayabanduki kwenye mlango ambao haujafunguliwa. Anaweza kukaa katika mkao huo dakika kumi. Ndugu yangu, keti. Shingo hiyo utaihitaji kesho.

Mlango haufunguki haraka, na kuna sababu. Injini zizimwe, magurudumu yawekewe vizuizi, daraja au ngazi isogezwe hadi iguse. Na kabla ya hapo wahudumu wanabadilisha mpangilio wa mlango, kwa sababu angani umewekwa tayari kwa dharura: ukifunguliwa hivyo hivyo, mtelezo wa kuokolea watu unajijaza hewa na kuchomoka nje kwa nguvu. Ndilo jambo wanalokumbushana kwenye spika kwa maneno mafupi ambayo abiria huwa hawayasikilizi. Wakati wewe unasonya, mtu anahakikisha mtelezo huo hauchomoki.

Sasa zamu. Kanuni ni nyepesi kiasi kwamba naona haya kuieleza: safu ya mbele inatoka, kisha inayofuata, kulia na kushoto, hadi mwisho. Aliye kwenye korido anasimama, anashusha mizigo yake na ya jirani wa ndani, wanatoka pamoja. Ambaye hajajipanga, yule ambaye kiatu kimoja kimepotelea chini ya siti na chaja bado iko kwenye soketi, anabaki ameketi na kuwapisha wengine mpaka awe tayari.

Shujaa wetu wa safu ya 31 hakubali. Ameona upenyo, amechomoka, amemkanyaga mtoto, amefika safu ya 24 na hapo amekwama, begi lake la magurudumu likiwa juu ya vidole vya mzee. Amepata nini? Boeing 787 ya Air Tanzania ina siti 262, na safu saba alizoruka zingempita kwa muda mfupi tu. Mbele kuna foleni ya uhamiaji, na baada ya hapo kuna mkanda wa mizigo ambao haujaanza hata kuzunguka. Kama hakuna daraja na mnachukuliwa kwa basi, hali yake ni mbaya zaidi: aliyeingia kwanza kwenye basi husukumwa hadi ndani kabisa, halafu aliyeingia mwisho, aliyesimama mlangoni, ndiye anayeshuka kabla ya wote. Nimewatazama mashujaa hawa wakibanwa na kioo cha upande wa pili, na nakiri nilifurahi.

Wanaopanda ATR 72, ndege za mapanga zinazokwenda mikoani, wana somo lao. Ndege hiyo hupakia na kushusha abiria kwa mlango wa nyuma. Mbele ni sehemu ya mizigo. Aliyegombania siti ya mbele kabisa, akamwomba binti wa kaunta na kumtajia mpaka jina la mjomba wake aliye serikalini, ndiye atakayetoka mwisho. Na tafadhali msirundikane pale nyuma. Watu wakijaa mkiani mbele pakiwa pepesi, pua ya ndege inaweza kunyanyuka, ndiyo maana wahudumu wa chini huegemeza nguzo chini ya mkia ndege ikisimama. Tazama siku ukishuka, utaiona.

Kuna watu wanaoruhusiwa kuruka zamu, na hao nawatetea kwa nguvu zangu zote. Ni wale wenye ndege ya kuunganisha. Umefika Nairobi umechelewa, na ya Lubumbashi inafunga mlango muda si mrefu: inuka, sema kwa sauti ya kawaida, "Samahani jamani, nawahi ndege ya Lubumbashi, naomba kupita," na watu watajikunja. Nimeona korido nzima ikifunguka kwa sentensi moja ya adabu. Mhudumu naye akitangaza kwamba wanaounganisha watangulie, wewe unayekwenda nyumbani Kimara au Kasarani rudi kwenye siti yako. Uongo wa "naunganisha" kwa mtu ambaye teksi yake iko nje ni wizi, na ninauita hivyo bila kupepesa macho, kwa sababu kuna mtu wa kweli nyuma yake atakayelala kwenye benchi.

Kabati la juu nalo lina adabu zake. Mizigo husogea angani, kwa hiyo fungua kidogo, weka mkono, kisha fungua lote. Usivute begi la mwenzako kama unang'oa muhogo ili upate la kwako. Ukimwona mtu mzima anajinyoosha kwa vidole vya miguu, usimsubiri aombe:

"Shikamoo mama. Nikushushie lipi?"

"Marahaba mwanangu. Lile la bluu, na ule mfuko. Taratibu, kuna vikombe."

Basi. Hapo hujachelewa popote.

Lakini anayenigusa kuliko wote ni dada wa siti ya dirishani kwenye ndege itokayo Muscat. Mkataba wake wa kazi za ndani umekwisha, na pengine safari zake za ndege ni hii na ile iliyompeleka. Amevaa vizuri kupita wote, manukato ya udi, viatu vipya ambavyo lebo bado iko chini ya soli. Mapajani ameshika bahasha ya plastiki yenye pasipoti, kadi ya homa ya manjano na karatasi ambazo haelewi ipi itaombwa wapi, na ameishika kwa mikono miwili. Watu wanapita juu yake. Mmoja anafyonza kwa sababu dada amechelewa kujua kwamba mkanda hufunguliwa kwa kunyanyua kile kibamba. Mwongozo wangu hapa ni amri: umwoneshe. Mwambie, "Dada, tulia, uhamiaji tunapita pamoja, shika pasipoti tu, hizo nyingine weka." Huyu ndiye amesomesha wadogo zake na kuezeka nyumba ya mama yake. Anastahili kushuka kwa heshima kuliko mtu yeyote wa daraja la kwanza.

Sasa kuna kushuka kwa aina nyingine, na hapa naacha kicheko kwa muda. Ndege ikipata ajali na wahudumu wakapiga kelele "Tokeni! Acheni mizigo!", acha kila kitu. Mtengenezaji wa ndege kubwa ya abiria hutakiwa kuthibitisha kwamba ikiwa imejaa inaweza kutolewa watu wote kwa sekunde 90, nusu tu ya milango ikitumika. Hesabu hiyo haina nafasi ya begi lako. Tarehe 3 Agosti 2016, Boeing 777 ya Emirates ilianguka ikitua Dubai ikiwa na watu 300. Video iliyopigwa ndani inaonyesha abiria wakifungua makabati na kusaka laptopu huku moshi ukiingia na wahudumu wakiwapigia kelele waache. Wote 300 walitoka hai, lakini ndege ililipuka dakika chache baadaye na mzimamoto mmoja akafa. Tarehe 2 Januari 2024, huko Haneda, Tokyo, Airbus A350 ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani ikitua, ikawaka moto. Watu watano wa ile ndege ndogo walikufa. Ndani ya Airbus walikuwemo 379. Vipaza sauti viliharibika, wahudumu wakatumia koo zao, milango iliyofaa ilikuwa mitatu tu kati ya minane. Wote 379 walitoka, wakaacha mabegi yao yaungue. Kila ninapofikiria adabu ya abiria, hao ndio ninaowataja kwanza.

Turudi kwenye siku ya kawaida. Tazama siti yako kabla hujaiacha. Nepi iliyotumika haiingii kwenye mfuko wa siti, hata ikikunjwa vizuri namna gani. Maganda ya karanga hayana sababu ya kuwa kwenye zulia. Blanketi la ndege ni la ndege. Lirudishe, na ile mito miwili iliyovimbisha begi lako irudishe pia. Kuna watu watakaoingia na mifuko ya taka mara tu mguu wako ukitoka, na wamepewa dakika za kuhesabu kabla abiria wengine hawajapanda.

Mlangoni wanakusubiri wahudumu waliokwisha kusema "asante, karibu tena" mara mia na kitu. Waitikie. Vua spika za masikioni, mtazame mtu usoni, sema "asanteni kwa kazi." Kupiga makofi ndege ikitua naruhusu, anayetaka apige.

Ukishuka ngazi usigande kwenye kidato cha mwisho kujipiga picha. Watu sitini wamesimama nyuma yako juani. Fuata njia uliyooneshwa, usipite chini ya bawa, kaa mbali na mapanga hata kama yamesimama, na sigara ibaki mfukoni kwa sababu hapo chini kuna lori la mafuta.

Kwenye mkanda wa mizigo rudi nyuma hatua mbili. Wote wakirudi hatua mbili, wote wanaona. Shujaa wa safu ya 31 utamkuta hapo, amebana goti kwenye chuma. Mpishe mwenye galoni ya zamzam, msaidie kuinyanyua, ni nzito kuliko inavyoonekana. Kisha toka, na ukishapokelewa usikumbatiane katikati ya mlango. Vuteni troli pembeni, mkumbatiane huko mpaka mridhike, nyuma yenu kuna watu wanaotafuta nyuso za kwao.